Gundi ya buibui: Jua kwa nini utando unanata kabla hujashika bomba la dawa



Maharage ya vuli yakishafunga majani, huku Ngara na Biharamulo huwa napokea swali moja kutoka pande zote, Rulenge, Kabanga, Nyakahura mpaka Lusahunga: "Bwana shamba, shamba limejaa utando wa buibui, nipige dawa gani?" Nikiuliza utando wenyewe ukoje, mmoja anasema umetandazwa katikati ya mistari ya maharage kama gurudumu. Wa pili anasema umefunika majani ya nyanya na majani yanageuka njano. Wa tatu anasema uko kwenye mibuni, umesongamana kama chandarua kilichochanika. Wote watatu mara nyingi wameshafika duka la pembejeo na wameshauziwa chupa ya dawa ileile.

Sasa hayo ni mambo matatu tofauti kabisa. Wa kwanza ana rafiki shambani. Wa pili ana adui. Wa tatu ana rafiki wa aina nyingine. Wakipiga dawa ileile wote watatu, wawili watakuwa wametupa pesa na kuua walinzi wao, na yule mmoja mwenye adui anaweza kuongeza tatizo badala ya kulipunguza. Kitu kimoja kinachoweza kukusaidia kuwatofautisha ni gundi. Kwa hiyo leo tujifunze gundi ya buibui: imetengenezwa na nini, inanataje, inaharibiwa na nini, na wewe uitumieje kufanya uamuzi.

1. Anza kwa kutazama

Nenda shambani mapema, saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, kabla umande haujakauka. Tafuta utando wa duara uliosimama wima kati ya mashina. Mara nyingi katikati yake utamkuta buibui mkubwa mwenye mistari ya njano, nyeupe na nyeusi, kichwa kikiwa chini, miguu ameibana miwili miwili mpaka anafanana na herufi X. Huyo ni wa ukoo ambao wataalamu wanauita Argiope. Chini ya paa za nyumba na maghala yetu kuna mwingine, Nephilingis, anayefuma utando mkubwa na kujificha pembeni ukutani. Wote wawili ni wafumaji wa gundi.

Uangalie ule utando kama gurudumu la baiskeli. Kuna nyuzi zinazotoka katikati kwenda nje, hizo ni spoku. Kuna uzi unaozunguka mara nyingi, hiyo ni mizunguko. Chukua kijiti cha nyasi kavu, gusa spoku taratibu: hakinati. Sasa gusa mzunguko: kinanata, na ukivuta, uzi unakufuata na kurefuka kama mpira. Spoku ni za kubeba uzito. Mizunguko ndiyo ya kukamata.

Washa tochi ya simu nyuma ya mzunguko, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia au kwa kamera ya simu. Utaona vitone vidogo vimejipanga kwenye uzi kama shanga. Hiyo ndiyo gundi yenyewe.

Vitone hivyo havikuwekwa kimoja kimoja. Buibui ana tezi maalumu za gundi tumboni, mbili kila upande. Uzi unapotoka unapakwa gundi mwili mzima, halafu gundi inajikusanya yenyewe kuwa matone. Umeshaona waya wa kuanikia nguo baada ya mvua? Maji hayabaki yametandaa juu ya waya, yanajikusanya matone matone. Ni jambo lilelile.

2. Gundi ina vitu vitatu

*Cha kwanza ni protini.* Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Nyama, maharage na maziwa vina protini, na uzi wa buibui ni protini pia. Protini za gundi yake zina jambo la pekee: zimebandikwa sukari nyingi ubavuni. Wataalamu wanaziita glikoprotini, yaani protini yenye sukari. Fikiria mnyororo mrefu wenye vishikizo kila hatua, kila kishikizo kikishika maji na kushika kitu kilicho mbele yake. Hizi ndizo zinazofanya kazi ya kunata.

Wengi hudhani kwamba uzi na gundi ni vitu viwili visivyohusiana. Lakini mwaka 2016 utafiti uliolinganisha aina kadhaa za buibui ulionyesha kuwa protini kuu ya gundi ni ndugu wa protini za uzi, ni wa familia moja. Tofauti ni kwamba ya uzi hukauka na kuwa ngumu mara inapotoka, ya gundi hubaki laini na yenye maji.

Mwaka 2019 mtafiti Sarah Stellwagen na mwenzake Rebecca Renberg wa Marekani walichapisha jeni nzima za protini mbili za gundi, zinazoitwa AgSp1 na AgSp2. Jeni ni maandishi ya mwili yanayoeleza jinsi ya kutengeneza protini. Ile ya kwanza ina herufi 42,270 na ya pili 20,526. Ni ndefu ajabu, na ilikuwa kazi kuisoma kwa sababu sehemu kubwa inajirudia rudia kama kiitikio cha wimbo. Ukipoteza mstari hujui uko kiitikio cha ngapi. Buibui waliyemtumia ni Argiope trifasciata, wa ukoo uleule wa huyu wa herufi X unayemwona kwenye maharage yako.

*Cha pili ni chumvi.* Ninaposema chumvi hapa simaanishi ya kupikia. Ni mchanganyiko wa molekuli ndogo, nyingine kama kolini, nyingine zenye potasiamu na fosfeti, majina ambayo unayaona kila siku kwenye mfuko wa mbolea. Baadhi ya viungo hivi buibui huvipata kwenye chakula anachokula.

*Cha tatu ni maji.* Na maji haya hayatoki tumboni peke yake. Mengi yanatoka hewani.

3. Kwa nini maji ya hewani ndiyo siri ya kazi

Acha chumvi wazi jikoni wakati wa masika. Baada ya siku mbili imelowana. Acha mfuko wa urea wazi stoo, vilevile. Hakuna aliyemwagia maji, imeyavuta hewani. Chumvi zilizomo kwenye gundi ya buibui zinafanya hivyohivyo. Zinavuta unyevunyevu wa hewa na kuzilainisha zile protini ili ziweze kutandaa juu ya mwili wa mdudu na kushika vizuri.

Hewa ikiwa kavu sana, tone linasinyaa, protini zinakuwa ngumu, hazitandai. Unyevu ukizidi mno, gundi inakuwa kama uji mwepesi, inateleza. Katikati ndipo inaponata sana. Na hiyo katikati si moja kwa buibui wote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Akron, Marekani, mwaka 2015 walionyesha kuwa gundi ya kila aina inanata zaidi kwenye unyevu wa mahali ambapo aina hiyo huwinda. Wa sehemu kavu gundi yake imepangwa kwa hewa kavu, wa kando ya maji gundi yake imepangwa kwa hewa nyevu. Ukiwa bonde la mto Ruvubu na ukiwa mlimani, usishangae kukuta buibui tofauti wakifanya kazi ileile.

Kuna jambo jingine lililowasumbua wataalamu. Gundi za kawaida zinashindwa kwenye kitu chenye maji. Jaribu kubandika selotepu kwenye kioo kilicholowa, haishiki. Sasa utando wa buibui unakamataje mdudu asubuhi yenye umande? Utafiti wa mwaka 2018, wa watafiti haohao wa Akron, ulitoa jibu: zile chumvi zinanyonya maji yaliyo kati ya gundi na mdudu, protini zinapata nafasi ya kugusa mwili wenyewe. Yaani chumvi ileile inayoleta maji ndani ya tone ndiyo inayoondoa maji mahali yasipotakiwa.

Wale mliokulia kijijini mnaujua ulimbo, ule utomvu wa mti wa kunasia ndege. Ulimbo haupendi maji na hauhitaji maji. Gundi ya buibui ni kinyume chake: bila maji haifanyi kazi. Kwa kunyumbuka inakaribia mlenda, ingawa ute wa mlenda kwa sehemu kubwa ni sukari, si protini.

4. Inamshikaje mdudu anayepigana?

Mdudu anagonga utando kwa kasi. Akivuta haraka, gundi inakuwa ngumu na kushika kwa nguvu zaidi. Akitulia, gundi inalegea na kurefuka pamoja naye bila kukatika. Mwaka 2010 watafiti wa Akron walipima tone mojamoja na kuonyesha tabia hii: kadiri unavyolivuta haraka ndivyo linavyokaza.

Tena tone halifanyi kazi peke yake. Uzi wenyewe unanyumbuka zaidi ya mara mbili ya urefu wake, na matone kadhaa yanabeba mzigo kwa pamoja. Ndiyo maana inzi anapiga mabawa mpaka anachoka. Asipoachia mapema, buibui ameshafika na kumfunga.

"Mbona buibui mwenyewe hanaswi?" Hili swali huulizwa kila mkutano. Yeye hutembea zaidi kwenye spoku zisizonata. Akilazimika kugusa mzunguko, anagusa kwa ncha ya mguu tu, yenye vinyweleo vinavyopunguza eneo la kushikwa, na anauondoa mguu kwa utaratibu wake. Miguu yake pia ina kitu juu yake kinachopunguza kunata.

5. Si kila utando una gundi

Hapa ndipo wengi wanapochanganya, kwa hiyo soma polepole.

- Utando wa chandarua kwenye kahawa na michungwa. Kuna buibui aitwaye Cyrtophora. Anafuma wavu uliolala, macho yake madogo, na juu yake nyuzi zimepitana ovyo. Hauna gundi kabisa. Mdudu anagonga nyuzi za juu, anaanguka kwenye wavu, anadakwa. Ni rafiki. Kero yake ni wakati wa kuchuma kahawa tu. Tumia kijiti kuusogeza.
- Utando mkavu wenye manyoya. Wapo wanaofuma nyuzi nyembamba mno zilizochambuliwa kama pamba, hazina matone. Mfano ni Stegodyphus, ambao baadhi yao Afrika wanaishi kwa makundi kwenye kiota kimoja mtini. Mwaka 2017 iligundulika kuwa nyuzi za namna hii zinanyonya nta iliyo juu ya ngozi ya mdudu, na nta hiyo ya mdudu mwenyewe ndiyo inayosaidia kumnasa.
- Wasio na mtego. Buibui wanaoruka na wanaokimbia chini hawatumii utando kuwinda. Mmoja ana sifa kwetu watu wa Ziwa Victoria: Evarcha culicivora, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003 kutokana na buibui wa Mbita Point, Kenya, kilipo kituo cha icipe. Huyu hupendelea mbu waliojaa damu. Ukimwona buibui mdogo anarukaruka ukutani, mwache.
- Utando wa utitiri. Huyu ndiye adui. Utitiri mwekundu ni jamaa wa mbali wa buibui, ana miguu minane, lakini hali wadudu. Anafyonza utomvu wa majani. Anatengeneza hariri nyembamba kwa ajili ya kujikinga na kutembea. Haina matone ya gundi na si mtego.

6. Jaribio la dakika kumi shambani

Jaribio hili linafaa hata kwa wanafunzi wa shule za msingi. Unahitaji kijiti chenye panda kama cha manati, kikombe cha maji safi, unga kidogo wa muhogo na unyoya wa kuku. Usimguse buibui kwa mkono. Msogeze kwa kijiti, atahamia pembeni.

1. Chukua kipande cha utando kwa panda la kijiti. Gusa kwa ncha ya unyoya. Utanata. Hiyo ni gundi nzima.
2. Pulizia unga kidogo sana sehemu moja, kisha gusa hapo. Hainati tena. Vumbi limeziba gundi.
3. Chovya kipande kingine kwenye maji kwa dakika chache, toa taratibu, acha kikauke, gusa. Kunata kumepotea au kumepungua sana. Protini bado zipo pale, lakini zile chumvi zimeoshwa na maji, na bila chumvi protini zinasinyaa.
4. Kipande cha tatu kishike juu ya jiko la mkaa kwa mbali, pasipo kuunguza, mpaka kikauke. Gusa. Kisha kihemee kwa pumzi ya mdomo mara kadhaa, gusa tena. Utaona tofauti: pumzi ina unyevu, chumvi zinaunyaka, gundi inarudi kulainika.

Umejifunza nini? Gundi inauawa na vumbi, na inauawa na kuoshwa. Ndiyo maana wafumaji wengi hula utando wao wa zamani na kufuma mpya, mara nyingi kila siku. Protini zile wanazimeza na kuzitumia tena. Ni matumizi mazuri ya rasilimali, hakuna kinachotupwa.

Lakini kufuma upya kunataka buibui mwenye afya. Mwaka 1992 watafiti Ferenc Samu na Fritz Vollrath walichapisha jaribio la kuwapa buibui viuatilifu. Waliopata cypermethrin walipunguza sana kufuma, na tando walizofuma zilibadilika ukubwa na mpangilio. Kwa hiyo hata dawa isipomuua buibui siku hiyo, inaweza kumwacha hana mtego. Cypermethrin ni miongoni mwa dawa zinazouzwa sana kwenye maduka yetu. Fikiria hapo.

7. Sasa amua: rafiki au adui?

Ukiona utando, jibu maswali haya matatu kwa mpangilio.

Swali la kwanza: uko wapi? Ukiwa umetandazwa hewani kati ya mimea, au kati ya tawi na tawi, ni wa buibui. Ukiwa umeng'ang'ania jani lenyewe, hasa chini ya jani au kwenye kichomozo, shuku utitiri.

Swali la pili: una matone na unanata? Tumia tochi na kijiti. Ukiona shanga na kijiti kikavutwa, ni mfumaji wa gundi, mwache. Usipoona matone usihukumu bado, nenda swali la tatu, maana wapo marafiki wasio na gundi.

Swali la tatu: jani likoje? Geuza jani. Utitiri huacha vidoa vingi vidogo vyeupe au njano, baadaye jani linakuwa rangi ya shaba na kukauka. Weka karatasi nyeupe chini, gonga jani. Vikianguka vidoti vinavyotembea, ni utitiri. Jani likiwa kijani safi, hakuna vidoti, mwache mwenye utando wake.

Ikiwa ni buibui: weka bomba chini. Buibui hali maharage, hali mahindi, hali nyanya.

Ikiwa ni utitiri: ng'oa majani yaliyoshambuliwa sana, toa shambani na uyateketeze. Mwagilia vizuri, kwa sababu utitiri hustawi kwenye joto na ukame. Tatizo likiendelea, tumia dawa ya utitiri, kwa mfano yenye abamectin, iliyosajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Pulizia chini ya majani, jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, vaa kinga, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo. Usipige cypermethrin na ndugu zake kwa ajili ya utitiri. Zinaua wadudu wanaokula utitiri, utitiri unabaki peke yake na kuzaliana. Huyu ndiye mkulima wa nyanya niliyemtaja mwanzo: anapiga, wiki mbili baadaye utando umezidi, anapiga tena, pesa inaisha na nyanya zinaisha.

8. Jinsi ya kumtunza mfumaji

- Mwachie mahali pa kufungia spoku. Kando ya shamba acha ukanda wa matete, mbaazi au majani ya makingamaji. Shamba lililofyekwa upara halina pa kutundika utando. Kilimo chetu cha migomba, kahawa na maharage pamoja kinamfaa sana.
- Weka matandazo. Chini ya matandazo ya migomba ndiko wanakojificha wale wakimbiaji.
- Usirushe majivu na vumbi ovyo. Wanaotumia majivu kwa viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, wayaweke ndani ya kinywa cha mhindi tu. Umeona kwenye jaribio unga ulivyofanya.
- Kagua kwanza. Pita shamba kwa njia ya Z, kagua mimea kadhaa kila kituo. Wadudu wakiwa kwenye kona moja, piga kona hiyo, si shamba zima.

9. Tusidanganyane

Buibui si dawa ya kila kitu. Gundi yake inawafaa wadudu warukao wenye ngozi laini: vidukari wenye mabawa, inzi wadogo, vipanzi vya majani. Nondo ni hadithi nyingine. Mwili wa nondo umefunikwa na magamba ya unga. Akinaswa, magamba yanabaki kwenye gundi na yeye anaondoka. Na viwavi hawaruki, hawakutani na utando. Kwa hiyo usitegemee utando kumaliza viwavijeshi vamizi. Huko bado unahitaji kukagua mapema, kuponda mayai na viwavi kwa mkono, na dawa pale inapobidi. Hao buibui wanaokimbia ndio wanaosaidia kiasi kwenye viwavi wadogo.

Pia utando haubagui. Unanasa na nyuki. Wafugaji wa nyuki wa Biharamulo, ondoeni tando zilizo mbele ya milango ya mizinga, lakini msiue buibui wa shamba zima.

Na wapo wa kuogopwa. Chini ya viti vya plastiki, chooni na kwenye makopo ya zamani anaweza kuwepo buibui wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa tumboni kwa chini, Latrodectus geometricus. Ana sumu. Sehemu hizo zifagie, vaa viatu, usitie mkono mahali usipopaona.

10. Maswali mnayouliza sana

*Utando naweza kuweka kwenye kidonda kuzuia damu?* Hapana. Wazee walifanya hivyo, lakini utando wa ghalani umebeba vumbi, na vumbi linaweza kuwa na vijidudu vya pepopunda. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi, nenda zahanati.

*Gundi hii inaweza kutengenezwa iwe dawa ya wadudu?* Wazo lipo. Jeni zilipochapishwa mwaka 2019, ilielezwa kuwa siku moja gundi ya namna hii ingeweza kupuliziwa kwenye kuta za banda kuzuia wadudu wanaouma mifugo, kisha ikaoshwa kwa maji bila kuchafua mazingira. Ni wazo la utafiti. Ukitaka mtego wa gundi leo, chukua dumu au kibao cha rangi ya njano, paka grisi, tundika kwenye nyanya usawa wa vichomozo. Inzi weupe na vidukari wenye mabawa hufuata njano. Tofauti yake na buibui ni kwamba kibao hakijisafishi. Wewe ndiye unayepaswa kukifuta na kupaka upya kila wiki.

*Mvua ikinyesha kubwa buibui wanaisha?* Tando zinachanika na gundi inaoshwa, lakini mwenyewe anajificha na kufuma upya mvua ikikatika. Usipoona tando asubuhi baada ya mvua, rudi kesho yake.

Kazi ya wiki hii

Asubuhi moja, kabla hujapiga dawa yoyote, hesabu tando za duara kwenye mistari kumi ya maharage na uandike kwenye daftari. Geuza majani ishirini uandike mangapi yana vidoa na vidoti vinavyotembea. Njoo na daftari hilo kwenye kikundi au ofisi ya kata, tuamue pamoja kama kuna haja ya kununua chupa. Maharage ya vuli yana bei nzuri yakivunwa salama, na pesa ya dawa usiyoinunua ni faida pia.

Nawatakia msimu mwema.